Mutware Hazaliwi

Ukifika ofisi ya sekta ya Rwimbogo, wilayani Rusizi, unayemuulizia ni Gitifu. Jina alilopewa na wazazi wake halina kazi pale mlangoni. Gitifu ni katibu mtendaji, cheo kilichotoka kwenye Kifaransa kikakatwakatwa hadi kikaenea mdomoni. Chini yake kuna seli, na chini ya seli kuna vijiji, ambako kiongozi huitwa kwa jina la kijiji chenyewe: "Mudugudu amesema tukutane", "peleka barua kwa Mudugudu". Mwisho kabisa kuna isibo, nyumba chache za jirani zinazoongozwa na mutwarasibo.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyerithi cheo kwa baba yake. Gitifu huajiriwa, na anaweza kuhamishwa. Mudugudu huchaguliwa mchana kweupe: wagombea husimama mbele na wapiga kura hujipanga mstari nyuma ya wamtakaye. Shemeji yako anaona umesimama nyuma ya nani, na yule uliyemwacha anaona pia. Ukishachaguliwa hivyo unawajua waliokupa cheo, sura kwa sura.

Utaratibu ni mpya lakini maneno ni ya zamani. Isibo lilikuwa kikosi katika majeshi ya mwami, mfalme wa Rwanda, na ndani ya mutwarasibo yumo mutware (wingi wake batware), aliyekuwa mkuu wa jeshi au wa eneo. Msomaji wa Kigoma atamtambua upesi, kwani Waha nao walikuwa na watwale wao. Msomaji wa pwani amfikirie liwali: mtu wa Sultani, aliyewekwa na Sultani, na ambaye Sultani akichoka naye hufunga mizigo.

Sehemu hii ya Rwanda iliitwa Kinyaga. Ilikuwa mbali na makao ya mwami, na kwa muda mrefu wakuu wa koo waliendesha mambo yao bila kuingiliwa sana. Aliyeikaza kamba ni Mwami Kigeri Rwabugiri, aliyetawala tangu miaka ya 1860 hadi kifo chake mwaka 1895. Alipita Kinyaga akienda kupigana na Washi ng'ambo ya Ziwa Kivu, na alipopita aliacha watu wake. Hapo ndipo batware waliotumwa kutoka baraza la mwami walipojaa vilimani, pamoja na madai yao ya mazao, ng'ombe na siku za kazi.

Katika sehemu nyingi za Rwanda ya kati eneo moja lilikuwa na batware watatu: wa ardhi, aliyesimamia mazao na kazi, wa malisho, aliyesimamia ng'ombe, na wa jeshi. Mkulima alilalamika kwamba ana mabwana watatu. Lakini mwenye akili alijua faida yake, kwani ukionewa na mmoja ulikuwa na wa kukimbilia. Na mwami alijua faida iliyo kubwa zaidi: watatu hao walichunguzana, na habari zote ziliishia kwake.

Kumpa mtu utawala kuliitwa kugaba, na kumvua kuliitwa kunyaga. Mswahili hahitaji kamusi kwa hilo la pili. Mutware aliyenyagwa hakupoteza kofia tu. Ng'ombe waliondoka, kilima kiliondoka, na wale waliokuwa wakishinda uani kwake wakimwimbia sifa walihamia kwa mutware mpya, wengine kabla jua halijazama. Ndiyo maana batware walitumia muda mrefu barazani kwa mwami, wakilinda kile walichopewa dhidi ya masikio na ndimi za wenzao.

Mambo hayakuwa safi hivyo kwenye vitendo. Rwagataraka, mutware mkubwa wa Kinyaga tangu mwisho wa enzi ya Wajerumani na kwa miaka mingi ya Wabelgiji, alikuwa mwana wa Rwidegembya, mmoja wa vigogo wa ukoo wa Abega, ukoo uliotoa mama wa mfalme. Kwa hiyo cheo hakikurithiwa kisheria, ila mlango wa kukifikia ulikuwa karibu zaidi na nyumba fulani kuliko nyingine. Wanaosema kwamba zamani kila kitu kilikwenda kwa sifa ya mtu binafsi wanapamba.

Waliorithi waziwazi walikuwapo pia, hapohapo jirani. Bukunzi na Busozo zilikuwa falme ndogo zenye bami wao, waliosifika kwa kuleta mvua. Baraza la Rwanda halikuwagusa ovyo. Lilipokea zawadi zao na kuwaachia milima yao. Mwami wa mvua hanyagwi, kwa sababu hakuna aliyemgabia. Waliokuja kuwang'oa ni Wabelgiji kwa bunduki: Bukunzi baada ya kifo cha mwami wake Ndagano mwaka 1923, na Busozo mwaka 1926. Maeneo yao yakawekwa chini ya batware wa kawaida.

Wabelgiji hawakupenda cheo wasichokishika wenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 mwami hakuweza tena kugaba wala kunyaga bila ridhaa yao. Kuanzia 1926 waliwaunganisha wale batware watatu kuwa chifu mmoja, na mkulima akabaki bila pa kukimbilia. Kisha mwaka 1931 walimnyaga mwami mwenyewe. Yuhi Musinga, aliyeketi kitini tangu 1896 na kuwainua na kuwaangusha wakuu wasiohesabika, aliondolewa mwezi Novemba, na mwanawe Rudahigwa akawekwa mahali pake. Wakampeleka wapi? Kamembe, hukuhuku Kinyaga, katika nchi ya Rwagataraka, ambaye alikuwa amegombana naye kwa miaka. Aliishi huko hadi 1940, akahamishiwa Moba nchini Kongo, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Kwa mtu wa mila, hukumu hiyo ilikuwa na ukatili wa ziada: aliyekuwa mpaji wa vyeo vyote sasa aliishi kwenye kilima ambacho mwenyeji alikuwa mtu wa chini yake.

Tangu hapo cheo kilipitia darasani. Huko Astrida, mji uliokuja kuitwa Butare, Mabruda walifungua shule iliyowaandaa wana wa wakubwa kuwa machifu na makarani. Cheo kilichokuwa cha kutunukiwa kikaanza kunuka urithi, safari hii kwa cheti. Chuki iliyolipuka mwaka 1959 ilikuwa na mengi ndani yake, na hili nalo lilikuwamo. Uchaguzi wa komyuni wa 1960 ukaleta maburugumesitiri, wakuu wa komyuni, na machifu wakaisha.

Kuna vyeo vya aina nyingine, ambavyo havishuki kutoka barazani. Kusini ya Rusizi, ukivuka mpaka wa Ruhwa, Warundi wana bashingantahe: watu wanaotazamwa na majirani kwa muda mrefu, wasemavyo, wanywavyo, walipavyo madeni, kisha hutawazwa hadharani kwa pombe na kiapo ili waamue kesi. Mtoto wa mushingantahe huanza upya kama mwingine yeyote. Rwanda nayo iliwachagua inyangamugayo, majaji wa gacaca, mahakama za wananchi za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, mwaka 2001. Walikuwa zaidi ya laki mbili, hawakuwa na mshahara, na wengi walivuliwa baada ya wao wenyewe kutajwa katika kesi za mauaji. Leo kuna abunzi, wapatanishi saba kwa kila kamati, wanaosikiliza ugomvi wa mipaka ya shamba na mbuzi walioingia kwenye mihogo. Hawalipwi mshahara; ukitaka kumwaibisha mwunzi, mtajie aliyemnunulia bia.

Lakini kwa Rwimbogo cheo kinachosemwa kwa fahari kuliko vyote ni umurinzi w'igihango, mlinzi wa kiapo. Igihango ni mapatano ya damu. Zamani watu wawili walichanjwa tumboni, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake, na maneno makali yakatamkwa: atakayesaliti, igihango chenyewe kitamuua. Unity Club, jumuiya inayoongozwa na mke wa rais, ililichukua neno hilo na kuanza kuwatunuku watu waliowaokoa wengine mwaka 1994 au waliojenga umoja baadaye. Katika waliotunukiwa mwaka 2015 alikuwamo Padri Ubald Rugirangoga, wa parokia ya Mushaka, ndani ya Rwimbogo.

Padri Ubald alimpoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye aliwasomesha watoto wa mtu aliyemuua mama huyo. Huko Mushaka alianzisha mafundisho kwa wauaji waliotoka gerezani. Hawakuruhusiwa kurudi mezani pa Bwana kwa kuungama kisirisiri kwa padri; walifundishwa kwa takriban miezi 6, wakaenda kwa familia walizozidhuru, kisha wakaomba msamaha kanisani mbele ya wote, na aliyenusurika akisimama kando yao. Wapo walioona ni haraka mno, na wapo waliokataa kusimama. Hakuna aliyelazimishwa, na nadhani hapo ndipo nguvu ya jambo lile ilipokuwa.

Serikali nayo imelitumia neno murinzi. Tarehe 4 Julai 2009 Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kufariki, alitunukiwa nishani mbili za Rwanda, Uruti na Umurinzi, pamoja na Museveni wa Uganda na Meles Zenawi wa Ethiopia. Nishani za namna hiyo huvaliwa kifuani na kutunzwa kabatini. Cheo cha Mushaka hakina kabati, kwa maana kinadaiwa kila siku na watu wanaoishi ua kwa ua: akikosana na jirani kuhusu njia ya ng'ombe, mlinzi wa kiapo hukumbushwa papo hapo yeye ni nani.

Padri Ubald alifariki Januari 2021 akiwa Marekani. Katika mila, igihango kiliwafunga hata watoto wa walionywana. Cheo cha mlinzi hakina mrithi; aliyekaa kiti chake Mushaka ni paroko, na kama atakuwa pia murinzi, hilo liko kwa waumini wake kulisema, wala si kwa askofu aliyemtuma.