Vihifadhi katika vipodozi vya maji vya nyumbani

Kihifadhi cha vipodozi ni kemikali inayoongezwa kwa kiasi kidogo katika kipodozi ili kuzuia bakteria, hamira na ukungu visizaliane ndani yake. Huhitajika hasa katika vipodozi vyenye maji, kama vile losheni, jeli na tona. Mafuta ya mgando, au mafuta matupu ya parachichi na ya alizeti, hayana maji, kwa hiyo vijidudu haviwezi kukua ndani yake kwa urahisi. Ya parachichi na ya alizeti yakikaa sana huchacha, na hilo ni tatizo lingine.

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, baridi kavu ya Juni hadi Agosti hupasua midomo na visigino, na watu wengi hujipaka kila siku. Anayetengeneza losheni jikoni kwake huko hukutana na mambo mawili ambayo mtu wa Dar es Salaam hayaoni sana: maji huchemka kabla ya kufikia 100°C, na usiku mchanganyiko hupoa sana.

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye takriban 94°C. Kuyachemsha huua vijidudu vingi, lakini mbegu za baadhi ya bakteria hubaki hai. Hata kama zote zingekufa, kidole cha kwanza kinachoingia kwenye kopo huleta vijidudu vipya. Jeli ya mshubiri iliyokamuliwa, maji ya tango au maji ya mchele huharibika baada ya siku chache tu. Bakteria kama Pseudomonas aeruginosa wanaweza kuwa wengi kabla harufu au rangi haijabadilika, na wakiingia jichoni au kwenye ngozi iliyopasuka huleta maambukizi mabaya.

Vitamini E mara nyingi huchukuliwa kuwa kihifadhi. Sivyo, huchelewesha mafuta kuchacha, lakini haizuii bakteria. Asali nayo hukaa muda mrefu kwa sababu ina maji machache mno, na ikichanganywa na maji mengi hupoteza kinga hiyo.

Kuchagua kihifadhi

Sodiamu benzoeti huyeyuka majini kwa urahisi, ila inayofanya kazi ni asidi ya benzoiki inayotokana nayo, na kiasi chake hutegemea uasidi. Kwenye pH 4.2 nusu yake iko katika umbo hilo la asidi. Kwenye pH 5 ni takriban asilimia 14. Kwenye pH 6 ni chini ya asilimia 2. Losheni ya pH 6 iliyotiwa benzoeti peke yake, kwa hiyo, karibu haina kinga, hata kama kipimo cha unga kilikuwa sahihi. Potasiamu sorbeti hufuata kanuni hiyohiyo, ingawa huvumilia pH ya juu kidogo.

Fenoksiethanoli haitegemei pH kiasi hicho. Katika Umoja wa Ulaya kikomo chake ni asilimia 1, yaani gramu 1 katika gramu 100 za losheni. Kijiko cha chai hakiwezi kupima hivyo. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01 ndiyo inayofaa. Ni kimiminika kizito kuliko maji, na kisipokorogwa vizuri hutuama chini kama matone. Hudhibiti bakteria vizuri kuliko ukungu, kwa hiyo mara nyingi huunganishwa na kihifadhi kingine.

Kuyeyusha viambata

Kihifadhi na kiambata hai huchaguliwa pamoja, kwani kimoja kinaweza kukiharibia kingine. Niasinamidi huyeyuka majini bila shida, lakini hukaa vizuri kwenye pH 5 hadi 7, ambako benzoeti ni dhaifu. Urea, inayotumika sana kwa visigino vilivyopasuka, huyapoza maji inapoyeyuka. Baadaye huvunjika polepole, hutoa amonia na kupandisha pH. Losheni iliyokuwa na kinga siku ya kwanza inaweza kuikosa baada ya wiki kadhaa. Vitamini C haifai kuwekwa pamoja na benzoeti, maana viwili hivyo vinaweza kuzalisha benzini, ambayo husababisha saratani. Asidi ya salisili karibu haiyeyuki katika maji matupu, bali huyeyushwa kwanza katika alkoholi au propileni glikoli.

Hapa ndipo baridi inapoingia. Methili parabeni huyeyuka takriban robo gramu tu katika gramu 100 za maji ya 25°C, na alantoini nusu gramu. Katika maji ya moto huyeyuka zaidi, na mtengenezaji hudhani kazi imekwisha. Usiku wa Julai, joto likishuka chini ya 10°C, kilichozidi hurudi kuwa chembe chini ya chupa. Chembe za kihifadhi zilizotuama hazilindi maji yaliyo juu yake. Njia ya kawaida ni kuloweka unga huo katika gliserini au propileni glikoli yenye joto kabla ya kuongeza maji, kutumia kiasi kidogo, kisha kuacha sampuli mahali pa baridi usiku kucha.

Maji ya betri hayafai kwa kazi hii: hayatengenezwi kwa ajili ya ngozi, na chupa yake ni rahisi kuchanganywa na ya asidi ya betri.

Usimamizi

Tangu 2019 vipodozi nchini Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopokea kazi hiyo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi.