Taa za Kompyuta: Tazama Pini Kabla ya Kuchomeka

Kijana wa Manibe, pembezoni mwa jiji la Arua, anayejiundia kompyuta kwa vipande anavyonunua kimoja kimoja, hutamani mwishowe sanduku lake ling'are kwa rangi. Mapambo hayo ni halali yake. Lakini taa hizo, ingawa dukani hufanana, ziko za namna mbili, nazo hazipatani kamwe.

Namna ya kwanza ina pini nne na hutumia volti 12. Taa zote za ukanda huwaka rangi moja kwa wakati mmoja. Ya pili ina pini tatu, hutumia volti 5, na kila taa hupokea amri yake peke yake, hata rangi zikaweza kukimbizana kama maji mtoni. Tundu lake ni mfano wa lile la pini nne lililong'olewa jino moja. Anayelazimisha ukanda wa volti 5 katika tundu la volti 12 huuunguza papo hapo, na akiba ya miezi ikaishia hapo. Yafaa basi asome maandishi ya kando ya tundu, 5V au 12V, kompyuta ikiwa imezimwa.

Kazi ya kulinganisha rangi huja baadaye. Kila rangi hutokana na nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikipimwa kuanzia 0 hadi 255. Hata tarakimu zikiwa zile zile, feni na ukanda huenda zikatofautiana machoni, maana taa za viwanda mbalimbali hazina nguvu sawa. Hapo rangi moja hupunguzwa kidogo kidogo mpaka zifanane. Tena ASUS ina programu yake, Aura, na MSI ina Mystic Light. Zikiwekwa pamoja huweza kugombania taa zile zile. OpenRGB, ambayo ni ya bure, huamuru vifaa vya viwanda vingi, ingawa si vyote; heri orodha yake itazamwe kabla ya kununua.

West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta, kisha mtambo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5 ulioanza mwaka 2012. Hakuna haja ya kuwahubiria watu wake thamani ya umeme. Taa 60 zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, kila moja ikila ampea 0.06, hufikia ampea 3.6, ilhali tundu la volti 5 kwa kawaida huhimili 3 tu. Mwanga ukipunguzwa nusu tundu husalimika, na chumbani usiku rangi hupendeza zaidi.