Jasusi Ndani ya Sare za Adui: Filamu za Kisovieti za Upelelezi wa Vita

Filamu iliyoweka msingi wa sinema ya ujasusi wa vita katika Umoja wa Kisovieti ni Podvig razvedchika, yaani Ushujaa wa Mpelelezi. Iliongozwa na Boris Barnet katika studio ya Kiev na kuonyeshwa mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Ujerumani kusalimu amri. Meja Alexei Fedotov, aliyeigizwa na Pavel Kadochnikov, anaishi katika mji wa Vinnitsa uliotekwa na Wajerumani, akijifanya mfanyabiashara aitwaye Heinrich Eckert. Anatafuta barua za siri za Jenerali Kühn, na mwishowe anamteka jenerali mwenyewe, ambaye aliigizwa na Barnet. Katika karamu moja Fedotov anainua glasi kwa ajili ya ushindi “wetu”, na Wajerumani wanagonga zao kwa furaha, wakidhani ni ushindi wao. Utamu wa filamu za aina hii umo hapo: mtazamaji anajua jambo ambalo meza nzima hailijui. Hata maneno ya siri ya kutambuana, yaliyohusu kabati linalouzwa, yakawa mzaha wa mitaani kwa miongo mingi.

Kasoro ya filamu hiyo ni adui wake. Maofisa wa Kijerumani ni wapumbavu kiasi kwamba kuwalaghai hakuhitaji akili nyingi. Mwaka 1950 Mikhail Romm alitoa Sekretnaya missiya, ambamo mpelelezi wa kike aliyeko Berlin anagundua kwamba Wamarekani wanazungumza kwa siri na Wanazi ili wafanye amani bila kuishirikisha Moscow. Ni propaganda ya Vita Baridi isiyojificha, lakini kisa chake kingerudi baadaye kwa sura iliyo bora zaidi.

Mwaka 1956 Nikita Khrushchev alifichua maovu ya zama za Stalin, na vyombo vya usalama vikabaki na jina baya, kwani ni vyenyewe vilivyojaza watu katika kambi na magereza. Hata wapelelezi waliotumikia nchi kwa uaminifu walikuwa hawatajwi. Richard Sorge, aliyekuwa akituma habari kutoka Tokyo, alinyongwa na Wajapani tarehe 7 Novemba 1944, na kwa miaka 20 nchi aliyoifia ilinyamaza. Filamu ya Mfaransa Yves Ciampi ya mwaka 1961 ndiyo iliyochangia kumrudisha katika kumbukumbu. Mwaka 1964 Sorge akatunukiwa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1962 Andrei Tarkovsky alitengeneza Utoto wa Ivan, kuhusu mtoto anayevuka mstari wa mbele kwenda kupeleleza. Ilishinda Simba wa Dhahabu huko Venice, lakini haikuzaa wafuasi wengi: ndani yake upelelezi ni msiba mtupu, na serikali ilihitaji kitu kingine.

Kitu hicho kilikuja kwa wingi kuanzia mwaka 1967, mwaka ambao Yuri Andropov alishika uongozi wa KGB. Zilifuatana Meja Vikhr, kuhusu kuukoa mji wa Kraków usilipuliwe. Silnye dukhom, kuhusu Nikolai Kuznetsov, mpelelezi wa kweli aliyevaa sare za ofisa wa Kijerumani katika mji wa Rovno na kufa mwaka 1944. Na Shchit i mech, yaani Ngao na Upanga, ya Vladimir Basov, yenye sehemu nne. Katika hii ya mwisho, Stanislav Lyubshin ni Alexander Belov, kijana anayeingia Ujerumani kwa jina la Johann Weiss pamoja na Wajerumani wanaohama kutoka Riga. Anaanza chini kabisa na kupanda cheo polepole. Mamilioni waliitazama mwaka 1968, na Vladimir Putin amesema kwamba filamu kama hiyo ndizo zilizomvuta kwenye kazi ya ujasusi. Mwaka huohuo, katika Mertvyi sezon ya Savva Kulish, jasusi Rudolf Abel mwenyewe, aliyebadilishwa na rubani Mmarekani Gary Powers mwaka 1962, alitokea mwanzoni kuwahutubia watazamaji.

Kilele ni Semnadtsat mgnoveniy vesny, Nyakati Kumi na Saba za Majira ya Kuchipua, mfululizo wa televisheni wa sehemu 12 ulioanza kuonyeshwa Agosti 1973. Mwongozaji ni Tatyana Lioznova, na kisa ni cha mwandishi Yulian Semyonov. Kanali Maxim Isaev amejipenyeza hadi katika idara ya usalama ya Wanazi akiitwa Stirlitz. Mwanzoni mwa mwaka 1945 anaagizwa achunguze nani kati ya wakubwa wa Reich anayefanya mazungumzo ya siri na Wamarekani. Ni kisa cha Romm kilichorudi, ila safari hii kina mguu katika historia: Jenerali Karl Wolff kweli alikutana na Allen Dulles nchini Uswisi, na Stalin alimlalamikia Roosevelt kwa barua. Filamu inampa Stirlitz sifa ya kuyavuruga mazungumzo hayo. Katika historia yaliendelea, na majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa Italia yakasalimu amri. Stirlitz pia ni wa kubuni. Wakala halisi wa Moscow ndani ya Gestapo, Willi Lehmann, alikuwa Mjerumani, naye aligunduliwa na kuuawa mwaka 1942.

Lioznova aliondoa karibu mapigano yote. Stirlitz, aliyeigizwa na Vyacheslav Tikhonov, anafikiri, anaendesha gari, anapanga njiti za kiberiti mezani. Hatari inatoka katika mambo madogo. Kat, mtumaji wake wa ujumbe wa redio, anashikwa na uchungu wa kuzaa na kulia kwa Kirusi hospitalini. Alama za vidole vya Stirlitz zinapatikana kwenye sanduku la redio, naye analazimika kutafuta maelezo yanayoingia akilini. Aliyemhoji ni Müller, mkuu wa Gestapo, na hapa ndipo tofauti na mwaka 1947 inapoonekana. Leonid Bronevoy alimfanya Müller kuwa mzee mwerevu, mchovu na mcheshi, hata baadhi ya watazamaji wakampenda kuliko ilivyokusudiwa. Adui mwenye akili ndiye aliyemkuza shujaa.

Tukio linalokumbukwa zaidi halina neno hata moja: mke wa Stirlitz analetwa katika mkahawa ili wawili hao watazamane kwa mbali kwa dakika kadhaa, bila kukaribiana. Sauti ya msimulizi, Yefim Kopelyan, inayoeleza kwa utulivu kila wazo la jasusi, ilizaa vichekesho visivyohesabika ambamo Stirlitz hawazi lolote la maana.

Teheran-43 ya Alexander Alov na Vladimir Naumov, ya mwaka 1981, ilifuata njia nyingine. Inahusu njama ya kuwaua Stalin, Roosevelt na Churchill, na ina rangi, bastola, miji ya Ulaya, Alain Delon na wimbo wa Charles Aznavour. Ilijaza kumbi, ingawa jasusi wake yuko karibu zaidi na sinema za Paris kuliko na chumba cha Müller.