Sikio la Paka Likilala

Kwenye soko la mifugo la Isiolo utakuta masikio ya kila namna. Mbuzi wa Boer, na chotara aliyempata kwa mbuzi wa galla, sikio lake ni refu na pana, linaning'inia mpaka shavuni. Kondoo wa kichwa cheusi lake pia limelala. Mnunuzi atampapasa mgongo, atafungua mdomo ahesabu meno, ataulizia bei, lakini sikio hatalitilia shaka, na yuko sawa: sikio la mbuzi limelala kwa sababu ya urefu na uzito wake basi. Mtu aliyelelewa na macho hayo akionyeshwa kwenye simu picha ya paka anayeuzwa kwa jina la Scottish Fold, uso wa duara, macho makubwa, masikio yamebanwa mbele juu ya kichwa, atadhani ni mambo yale yale. Sivyo. Kwa paka huyu sikio ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe uko miguuni na mkiani.

Asili yake inajulikana vizuri. Mwaka 1961, huko Uskoti, mchungaji wa kondoo aitwaye William Ross alimwona Susie, paka jike mweupe wa shambani karibu na Coupar Angus, masikio yamekunjwa. Ross akapata mtoto mmoja wa Susie, akamwita Snooks, na kizazi kikaanzia hapo. Mtaalamu wa urithi Pat Turner alijiunga naye, na katika miaka mitatu ya kwanza walizaliwa watoto 76: 42 wenye masikio ya kukunja na 34 wenye masikio wima. Mfugaji yeyote wa Kulamawe au Garbatulla atazisoma hesabu hizo bila kufundishwa. Ikiwa karibu nusu wamemfuata mzazi mmoja, basi sifa hiyo haihitaji pande mbili. Dume peke yake, au jike peke yake, anatosha kuipitisha.

Watoto hawa huzaliwa na masikio wima kama paka wote. Wakifikisha wiki tatu au nne ndipo yanaanza kuinama, kwa kuwa gegedu la sikio limeshindwa kujisimamisha. Gegedu halipo masikioni tu. Ndilo linalofunika ncha za mifupa kwenye kila kiungo, na katika mnyama mchanga ndilo linalogeuka kuwa mfupa anaporefuka. Likiharibika, linaharibika mwili mzima. Mwaka 1999 madaktari wa wanyama wa Australia walichapisha uchunguzi wao wa paka hawa, pamoja na picha za eksirei: vifundo vya miguu ya nyuma vilivyoota mifupa ya ziada na viungo vilivyoshikana. Waliona hata wale waliorithi kwa mzazi mmoja hawakusalimika. Mwaka 2016 jeni lenyewe likatambuliwa, linaitwa TRPV4, nalo husimamia upitaji wa kalisi kwenye chembe za gegedu. Jeni hilo hilo likiwa na hitilafu kwa binadamu huleta magonjwa ya mifupa.

Wanaojua wanamzalisha paka wa masikio ya kukunja na mwenye masikio wima. Ukiwakutanisha wawili waliokunjwa, robo ya watoto hurithi pande zote mbili, na hao huanza kuchechemea wakiwa wachanga kabisa. Lakini msidanganyike na neno "salama" analolitumia muuzaji kwa wale wa mzazi mmoja. Tofauti yao ni kwamba maumivu huwachelewa, na hutofautiana kwa ukali kutoka paka mmoja hadi mwingine.

Tatizo ni kwamba paka haumwi kwa kelele. Mbuzi mwenye kwato mbovu utamwona amebaki nyuma ya kundi. Paka hupunguza tu mambo yake. Haruki tena dirishani, analala muda mrefu kuliko zamani, anakasirika akibebwa. Watu huandika chini ya video kwamba ni paka mtulivu, ana adabu. Kuna ule mkao maarufu pia, anakaa matakoni kama mzee barazani, miguu ya nyuma ameinyoosha mbele. Dunia inacheka. Mimi nikiuona mkao huo nataka kwanza kuona eksirei.

Kwa sababu hizo Uholanzi ilipiga marufuku uzalishaji wake mwaka 2014. Nchini Uingereza, kwao hasa, chama kikuu cha kusajili paka kiliacha kuwasajili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Marekani wanasajiliwa bado, na mwanamuziki Taylor Swift anao wawili, jambo ambalo halikupunguza wateja.

Sikio la paka lina kazi, tena nyingi. Misuli zaidi ya ishirini huligeuza kila upande, nalo ndilo linalowaambia paka wengine kama amekasirika au anaogopa. Huku kwetu mfano hauko mbali. Kimburu, paka mwitu wa hifadhi za Shaba na Buffalo Springs, ndiye wa jamii ile ile ambamo paka wa nyumbani walitoka miaka elfu kumi hivi iliyopita. Miguu mirefu, mgongo wa sikio una wekundu, na sikio liko wima. Anawinda panya usiku kwa kusikia kabla hajaona. Na kama ni paka adimu unayemtaka, Kenya inaye wake, sokoke, aliyetoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, ambaye Wagiriama walimjua kwa jina la khadzonzo kabla wageni hawajampeleka Denmark katika miaka ya 1980. Masikio yake hayana kasoro.

Lakini labda paka wa masikio ya kukunja umeshampata, zawadi kutoka Nairobi au Dubai, na hana kosa. Anza na mkia. Ushike karibu na shina, taratibu, uinue na kuupinda kidogo. Mkia wa paka mzima hufuata mkono wako hadi nchani. Ukiwa mgumu kama kijiti, au akigeuka kutaka kukuuma, acha hapo hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kisha papasa vifundo vya nyuma, ulinganishe wa kulia na wa kushoto.

Usimwache anenepe, kila gramu ya ziada inabebwa na viungo vilivyochoka. Msogezee kigoda ili apande kitandani kwa hatua mbili, na mchanga wake uweke kwenye karai lenye ukingo mfupi. Sikio lililokunjwa halipitishi hewa vizuri, kwa hiyo lifunue kila wiki: uchafu mweusi kama machicha ya kahawa mara nyingi ni utitiri. Usiingize kijiti cha pamba ndani.

Chakula nacho kina mitego. Buchani ini hupatikana, paka hulipenda, na wengi humpa hilo tu kila siku. Vitamini A ikizidi mwilini huotesha mifupa shingoni mwa paka yeyote, sembuse huyu. Ugali na maziwa peke yake pia havimtoshi, kwa kuwa paka anahitaji taurini itokayo kwenye nyama. Akiikosa moyo na macho huharibika. Mchanganyie nyama nyekundu, moyo, samaki kidogo.

Kuhusu dawa sitapunguza ukali. Panadol kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo. Dawa za maumivu za ng'ombe ni kali mno kwa mwili wa kilo tatu au nne. Na ile dawa ya kupe unayowapulizia mbuzi, iwe ya amitrazi au ya jamii ya permethrini, usimpake paka hata tone: atatetemeka, atapata degedege. Zipo dawa za maumivu zinazomfaa, kwa kipimo cha daktari, na baadhi ya paka hawa huzihitaji maisha yao yote. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate kama paka wengine.

Akiwa dume, ahasiwe kabla hajatimiza miezi sita. Akiwa jike, afungwe uzazi mapema vile vile. Mtaa wa Bulla Pesa hapa Isiolo umejaa paka majike wasio na mwenyewe, na ukuta wa yadi haujawahi kumzuia shume. Akiponyoka usiku mmoja, nusu ya watoto watakaozaliwa chini ya vibanda vya soko watakuwa na jeni hilo, na hao hawatakuwa na mtu wa kuwapeleka eksirei.