Unabeba msosi kazini? Hesabu saa kwanza, ndipo uchague chombo

Unaondoka Butiama saa 12 asubuhi kuwahi kazi Musoma mjini. Kwenye begi kuna wali, maharage na kipande cha sato. Utakula saa 7 mchana. Hapo chakula kimekaa saa saba, na chombo ulichobebea ndicho kinaamua kama utashiba au utashinda chooni.

Wengi tunachagua chombo kwa rangi na bei. Swali la kwanza liwe hili: chakula kitakaa muda gani kabla ya kuliwa?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri kuliwa kikiwa cha moto kiwe juu ya nyuzijoto 60. Wali ndio unadanganya wengi: kuna bakteria wanaoweza kuvumilia kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu wanatengeneza sumu isiyoisha hata ukiupasha.

Zaidi ya saa mbili: hotpoti

Chagua yenye stili ndani, mfuniko unaokaza na mpira usiopasuka. Asubuhi mimina maji yanayochemka, funga dakika kama 10, mwaga, kisha jaza chakula kikiwa cha moto kabisa. Hotpoti haipashi, inatunza joto tu. Ikiwa nusu tupu inapoa haraka, kwa hiyo nunua inayolingana na mlo wako.

Ijaribu siku ya mapumziko: jaza saa 12 asubuhi, fungua saa 7 mchana. Kama hakuna mvuke, hiyo siyo ya safari yako. Beba vitu vikavu kama chapati, karanga na ndizi mbivu, samaki na mchuzi kula kwa mama lishe.

Kazini kuna friji? Bakuli linatosha

Unakaa Bunda mjini na ofisi ina friji na pa kupashia? Chakula kilale kwenye friji nyumbani, ukifika kazini kirudishe kwenye friji. Bakuli la plastiki ligeuze chini: namba 5 ndani ya pembetatu ni plastiki inayohimili joto vizuri. Makopo ya aiskrimu hayakutengenezwa kwa chakula cha moto. Ndoo ya rangi usitumie kabisa, hata ukiiosha mara kumi.

Mfuko nao una sheria

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tunayoiita rambo, ni marufuku nchini. Ukikutwa nayo, faini ni Sh30,000 hadi Sh200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili.

Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa wenye kitako kipana, ili chombo kisilale ukiwa kwenye bodaboda au Hiace. Kabla ya safari ya kwanza, jaza chombo maji, funga, kipindue juu ya sinki. Kikivuja hapo, mchuzi utaishia kwenye nguo. Mfuko ufue kila wiki, na siku mchuzi ukimwagika, ufue siku hiyohiyo.

Na usitegemee pua. Chakula kilichoharibika hakinuki kila mara. Ukifungua saa 7 na mvuke ukakupiga usoni, karibu mezani. Kikiwa vuguvugu, usile: hasara ya sahani moja ni ndogo kuliko gharama ya hospitali.