Simu ni ya kijana, mugonjwa ni mama: nani anaamua juu ya dawa?

Kwa wazee wengi wa Bukavu wenye tansio ao sukari, kufika hospitali ni kazi. Kushuka na kupanda milima ya Kadutu na magoti ya miaka 70 si muchezo, na motari anaomba pesa. Basi kijana wa nyumbani anapiga picha ya kadi, anaituma kwa munganga kwa WhatsApp, na jibu linarudi kwa simu ileile. Ni musaada mukubwa. Lakini polepole maamuzi nayo yanakuwa ya mwenye simu.

Tuseme mama mumoja amepimwa tansio: 170 kwa 100. Iko juu, maana kuanzia 140 kwa 90 waganga wanasema tansio imepanda. Munganga anaona picha, anaandika: ongeza kidonge. Hajui kama mama aliacha kumeza tangu wiki mbili. Kidonge kile cha kutosha maji mwilini, anachomeza magaribi, kinamuamusha mara ine usiku, choo kiko inje, na umeme hakuna. Kijana naye hajui. Mama ataanzia wapi kumuelezea mutoto wake mwanaume mambo ya haja ndogo? Sasa akianza kumeza vyote viwili siku moja, tansio inaweza kushuka sana, kizunguzungu kikamushika, akaanguka.

Na dawa ya namna hiyo kwa kawaida inamezwa asubuhi. Neno moja la mama lingetosha.

Kuamua pamoja haimaanishe mugonjwa anajiandikia dawa. Munganga anaeleza dawa ni ya nini, inaleta taabu gani, na kama kuna njia ingine. Mugonjwa anasema kile anaweza na kile hataweza. Kisha wanapatana. Ujumbe wa mistari miwili, tena wa Kifaransa, haufanye kazi hiyo.

Afazali kijana aweke unite, apige simu, amupe mama aongee mwenyewe, kwa Mashi ao Kiswahili, vidonge viko mbele yake. Yeye atoke kidogo. Kisha arudi kuandika kwenye kadi kile walichopatana. Na picha ya kadi isipelekwe kwa grupu ya familia kama mama hajakubali.

Lakini mudomo ukipinda, mukono ukilegea gafla ao maneno yakikataa kutoka, hakuna kungojea jibu la WhatsApp: ni hospitali saa ileile.