Mafuta ya Kujichubua: Tujue Tunachojipaka



Katika mkutano wetu wa Dranya, mama mmoja anayechambua majani ya tumbaku alituuliza: "Kama mafuta haya yanauzwa sokoni mchana kweupe, ubaya wake ni nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu.

Weusi wa ngozi si uchafu, ni kinga ya jua. Mtu anayelima tangu asubuhi hadi jioni akijichubua, ameivua kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Tena amelipia kwa mshahara wake.

Katika mikebe hiyo mara nyingi mna dawa tatu.

Kwanza ni zebaki. Hii hupenya ngozi, huingia katika damu, huharibu mafigo na mishipa ya fahamu. Mwenye mimba humpitishia mtoto tumboni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa wa mafigo waliovimba mwili. Wengi walikuwa wamejipaka mafuta ya zebaki, na baadhi yao walipoyaacha walipona.

Pili ni haidrokwinoni. Mwanzo hung'arisha, lakini ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Tatu ni steroidi, dawa ya hospitali. Ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, na kidonda huchelewa kupona. Kwa mtu wa panga na jembe, hilo si jambo dogo.

Wenye fedha mijini hutengenezwa ngozi kwa mwanga wa leza. Nao wasidhani wamepona. Weusi wa ngozi hunyonya mwanga huo, basi ngozi yetu huweza kuungua na kubaki na madoa au makovu, hasa mashine ikiwa mikononi mwa asiyeijua.

Nchi za Mkataba wa Minamata, Uganda ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi ifikapo 2025. Lakini Koboko ni mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini, na mkataba peke yake haukamati mkebe sokoni. Ulinzi wa kwanza ni sisi wenyewe.

Basi tufanye hivi:

1. Tusome mkebe. Ukiona "mercury", "calomel" au "hydroquinone", usinunue. Usio na maandishi, uache.
2. Ukikatazwa kuyagusisha na dhahabu au fedha, shuku zebaki.
3. Aliyezoea mafuta ya steroidi asiyaache ghafla. Aende zahanati na mkebe wake, aeleze bila haya.
4. Msimamizi akichagua watu wa kazi kwa weupe wa uso, tuletee habari kwenye kamati ya chama.

Mkono unaochuma tumbaku hauulizwi rangi. Mshahara wetu ununue chakula na karo, usinunue ugonjwa.